Magendo: neno lisilo na mtu wake

Wizi una mwizi, ujambazi una jambazi, uhaini una mhaini. Magendo hayana mtu. Hakuna "mgendo" katika Kiswahili, wala hakuna aliyewahi kukamatwa na "gendo" moja, kwa kuwa hata umoja neno hili halina. Ukitaka kumtaja anayeyafanya inakubidi uzunguke: mfanya magendo, mfanyabiashara wa magendo, aliyevusha mzigo kwa magendo. Neno linataja shughuli, linataja mzigo na njia uliyopitia, kisha linanyamaza kuhusu aliyeubeba.

Naamini ukimya huo una maana. Kwa zaidi ya nusu karne serikali za Afrika Mashariki zimeyapiga vita magendo kwa kumsaka mtu: mwenye gunia, mwenye ngalawa, mwenye baiskeli. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisiwa na wapo waliopigwa risasi. Lakini mara chache magendo yalipopungua kwelikweli, ukichunguza utakuta kuna bei iliyorekebishwa.

Kamusi zinalieleza kwa ufupi: biashara ya siri, kinyume cha sheria, hasa ya kuingiza au kutoa bidhaa bila kulipia ushuru. Mtaani maana yake ni pana kuliko hapo. Soko la magendo linaweza kuwa chumba cha nyuma cha duka lililo mamia ya kilomita kutoka mpakani. Dola ya magendo ni ile inayobadilishwa nje ya benki kwa kiwango ambacho benki haitoi. Halafu neno hili lina jirani zake, na watumiaji wa lugha hawazichanganyi hovyo. Tiketi ya basi inayouzwa kwa bei ya kuruka wakati wa Krismasi ni ya ulanguzi, si ya magendo. Dhahabu ikivuka mpaka, magazeti ya Tanzania husema imetoroshwa. Njia za vichakani zinazokwepa kituo cha forodha ni njia za panya, na fukwe zinazopakua mizigo bila ofisa wa kuisajili ni bandari bubu. Msomaji wa Dar es Salaam anayefungua gazeti la Nairobi awe mwangalifu kidogo: kwake yeye mlanguzi ni mtu anayeficha sukari ili aiuze ghali, lakini kwa Mkenya mlanguzi ni yule anayesafirisha mihadarati au binadamu.

Neno limesafiri mbali. Waganda wanalitumia kama lilivyo. Wanyarwanda na Warundi husema magendu, na huko limeingia hadi katika lugha ya mamlaka za kodi. Limekaa vizuri katika masikio yao, kwa sababu Kiganda na Kinyarwanda vyote vina kitenzi genda, yaani nenda. Hata wataalamu waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza hawakuona sababu ya kulitafsiri. Mwanauchumi Reginald Green aliandika mwaka 1981 juu ya magendo katika uchumi wa kisiasa wa Uganda, na mwaka 1983 Nelson Kasfir akaandika juu ya dola, magendo na tabaka jipya la matajiri katika nchi hiyohiyo. Wote wawili waliliweka neno la Kiswahili kwenye vichwa vya kazi zao.

Na ni Uganda ndiko neno lilikopata uzito wake wote.

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Maduka na viwanda vyao vikagawiwa askari, maofisa na marafiki wa utawala, wengi wao wakiwa hawajui mzigo unaagizwaje wala unalipiwaje. Rafu zikabaki tupu. Sabuni, chumvi, sukari na betri za tochi zikawa vitu vya kusafiria hadi Kenya. Wakati huohuo mkulima wa kahawa alilazimika kuiuzia Bodi ya Kahawa peke yake, kwa bei iliyopangwa Kampala, akilipwa shilingi ambazo hakuwa na cha kununulia. Shilingi yenyewe ilishikiliwa kwa amri: dola moja ilikuwa sawa na shilingi 7 au 8 katika vitabu vya benki, huku mtaani ikiuzwa kwa bei nyingine kabisa. Baada ya Amin, serikali ya Obote ilipoiachia mwaka 1981, thamani yake ilianguka takriban mara kumi.

Kisha ikaja baridi ya Brazil. Katikati ya Julai 1975 usiku mmoja wa baridi kali uliunguza mibuni ya jimbo la Paraná, na bei ya kahawa duniani ikaanza kupanda. Kufikia 1977 ratili moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 3. Mkulima wa Bugisu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, aliyekuwa akipewa senti na bodi yake, alikuwa anatazamana na Kenya ng'ambo ya bonde.

Hapo ndipo jina la Chepkube lilipovuma. Kilikuwa kisoko kidogo cha mpakani upande wa Kenya, kwenye miteremko ya mlima huohuo, na kwa miezi kadhaa kikageuka soko la kahawa la kutajwa nchi nzima. Kahawa ilishuka usiku kwa punda, kwa baiskeli na kwa vichwa vya watu, ikapimwa, ikalipwa taslimu, ikapakiwa kwenye malori. Walioondoka Chepkube na utajiri walinunua mabasi, wakajenga maghorofa, na hadithi zao zilienea kiasi kwamba mwandishi Wamugunda Geteria aliitungia riwaya biashara hiyo. Gunia lilelile lilikuwa kosa la kufia upande mmoja na riziki upande wa pili, na umbali kati ya pande hizo mbili ulikuwa mwendo wa usiku mmoja.

Kosa la kufia, narudia, kwa maana halisi. Amri ya Amin ya mwaka 1975 iliunda mahakama za kijeshi za makosa ya uchumi zilizoweza kuhukumu kifo kwa magendo, kwa kuficha bidhaa na kwa kupandisha bei. Mwingereza Bob Astles akapewa kikosi cha kupambana na magendo katika Ziwa Victoria, na wavuvi wa maji yale walijua mlio wa boti zake. Miaka hiyohiyo ndege za serikali zilikuwa zikipeleka kahawa uwanja wa Stansted, Uingereza, na kurudi na shehena za wiski na anasa nyingine kwa ajili ya maofisa wa jeshi. Shehena ile haikuitwa magendo. Mama aliyerudi kutoka Busia na miche ya sabuni ndani ya khanga, yeye aliitwa.

Waganda walikuwa na jina la matajiri wa zama hizo: mafuta mingi. Sarufi yake si ya Unguja wala ya Tanga, lakini kila Mswahili anaielewa papo hapo, na imebaki katika historia yao hivyo ilivyo. Mpaka wa Busia ulizaa neno jingine pia. Kati ya kituo kimoja cha forodha na kingine kulikuwa na kipande cha barabara kirefu cha kutembea na mzigo, na vijana wenye baiskeli wakawa wanaita wateja kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilirudia mara mbili: boda, boda. Leo bodaboda ni pikipiki ya kila kijiji kuanzia Lamu hadi Bujumbura, na wanaoipanda wengi hawajui kwamba jina lake lilizaliwa mpakani, katikati ya mizigo ya namna hiyo.

Tanzania ilikuwa na miaka yake. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, mafuta ya petroli yakapanda bei, viwanda vikakosa fedha za kigeni za kununulia malighafi. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka foleni. Wanakumbuka unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Wanakumbuka mtu akiamka alfajiri kupanga jiwe au kipande cha tofali kwenye mstari wa duka la ushirika ili limshikie nafasi, naye akaenda shambani au kazini, na watu wakaliheshimu lile jiwe kama wanavyomheshimu mwenyewe. Mgawo ukija ulikuwa kilo moja ya sukari, au mche mmoja wa sabuni, na balozi wa nyumba kumi ndiye aliyejua kaya yako ina watu wangapi.

Nyuma ya foleni kulikuwa na magendo. Sabuni, dawa ya meno na mafuta ya kupikia ya Kimbo yalipenya kutoka Kenya kupitia Rombo, Namanga, Tarime na pwani ya Tanga. Kahawa, ng'ombe na mahindi yakaenda upande ule. Wataalamu wawili, Maliyamkono na Bagachwa, walikuja kuandika kitabu kizima mwaka 1990 kuhusu uchumi huu wa pili wa Tanzania, ambao haukuonekana katika takwimu za serikali lakini ndio uliovalisha na kulisha familia nyingi.

Machi 1983 msako mkubwa ulianza, Edward Sokoine akiwa amerudi kwenye uwaziri mkuu mwezi uliotangulia. Sasa tazama lugha ya msako ule. Neno magendo lilikuwepo, lakini halikutosha kubeba vita, kwa sababu halina mtu. Vita inahitaji adui mwenye sura. Redio na majukwaa yakashika maneno yenye watu ndani yake: mlanguzi, mhujumu, wahujumu uchumi. Kuhujumu ni kushambulia, na anayeshambulia taifa hawezi kuwa na utetezi. Sheria yenyewe ilipitishwa na Bunge mwezi Aprili, watu wakiwa wameshakamatwa mamia kwa mamia. Iliunda baraza maalumu la kusikiliza kesi hizo, likawanyima watuhumiwa mawakili na dhamana. Mwaka uliofuata ilibidi sheria nyingine itungwe kuirithi, yenye mahakama za kawaida na haki ya kukata rufaa, na ndiyo mama wa sheria ya uhujumu uchumi tunayoisikia mahakamani hadi leo.

Usiku wa siku zile watu waliogopa vitu vyao wenyewe. Bidhaa zilitupwa barabarani, mitaroni na baharini, khanga na vitenge vikaonekana asubuhi vimelowa umande bila mwenyewe. Wengine walikuwa wafanyabiashara wakubwa waliojaza maghala huku watoto wakikosa sukari ya uji, na hao sina neno la kuwatetea. Wengi pia walikuwa na doti kadhaa za khanga tu na hawakuwa na risiti ya kuonyesha. Sokoine alifariki katika ajali ya gari Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, na Watanzania walimlilia kwa dhati, kwa kuwa walimwona ni kiongozi aliyeuchukia wizi wa mali ya umma bila unafiki. Heshima hiyo ni haki yake. Lakini rafu za maduka hazikujaa kwa sababu ya msako. Zilianza kujaa baada ya bajeti ya Juni 1984, Cleopa Msuya akiwa waziri wa fedha, iliporuhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Dawa ya meno iliyokuwa ya magendo mwezi Mei ikawa bidhaa ya dukani. Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka 1985 na kupewa jina la Mzee Ruksa, mlango ulikuwa umeshaanza kufunguka.

Zanzibar ndiko neno lilikopanda cheo, likaingia katika jina la chombo cha dola. KMKM ni Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Kina boti, kina bendi, kina timu ya mpira iliyochukua ubingwa wa ligi ya Zanzibar mara kadhaa, na Jumapili uwanjani mashabiki hushangilia herufi nne ambazo ya tatu ni ya neno kuzuia na ya mwisho ni ya magendo. Kisiwa hakianzishi kikosi cha namna hiyo bila sababu, na sababu ilikuwa karafuu.

Anayetaka kuyaelewa magendo ya karafuu aanze na kazi yake. Mchumaji anapanda mkarafuu ulio mrefu kuliko nyumba, anavuta matawi kwa upembo, anashusha vikonyo vyenye vichwa vya kijani na vyekundu kabla havijafumbua maua, kwani karafuu iliyochanua imeshaharibika. Jioni familia nzima inakaa kitako kuzichambua: karafuu huku, makonyo kule. Kisha zinaanikwa majamvini siku kadhaa za jua kali, zinageuzwa, zinaanuliwa mbio mvua ikinusa, mpaka ziwe za kahawia iliyokoza na zivunjike kwa ukucha. Mzigo mbichi hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake hapo jamvini. Na baada ya yote hayo, kwa miaka mingi, mnunuzi halali alikuwa mmoja tu, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na kilichomfikia mkulima kilikuwa kipande kidogo cha kile ambacho karafuu ililipwa ng'ambo. Kutoka pwani ya magharibi ya Pemba hadi Shimoni, Vanga au Mombasa ni usiku wa mashua wenye pepo nzuri. Mombasa walilipa zaidi. Bidhaa yenyewe haifichiki, maana gunia la karafuu hujitangaza kwa harufu kabla hujaliona, na bado liliondoka, mwaka baada ya mwaka, mbele ya pua za walinzi. Biashara ya harufu kali kiasi hicho haiwezi kudumu kwa giza peke yake. Inadumu kwa sababu kijiji kizima kinaona mwenye kuivusha hajakosa.

Mwaka 2011 serikali ya Zanzibar chini ya Dk. Ali Mohamed Shein ilipandisha bei kwa kiasi kikubwa na kuweka sera ya kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Doria ziliendelea, naam, na onyo lilitolewa kila msimu. Lakini karafuu zilianza kufuata foleni ya vituo vya ZSTC zenyewe, na mkulima aliyekuwa akijificha akawa anapanga gunia lake mchana. Katika historia yote ya neno hili, sioni ushindi mwingine ulio wazi kama huo.

Wa karibu nao uko kwenye dhahabu. Serikali ya Tanzania ilijenga ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya tanzanite ya Mirerani, uliozinduliwa Aprili 2018, na ukuta una kazi yake. Kwa dhahabu haikuwezekana kujenga ukuta. Mapema mwaka 2019 wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na mwezi Machi soko la madini la Geita likafunguliwa, yakafuata mengine mikoani. Mchimbaji akapata mahali pa kuuza hadharani na kubaki na kitu mfukoni. Dhahabu inayopita katika vitabu vya serikali ikaongezeka.

Sitaki msomaji adhani nayapamba magendo. Sukari inayoingia Kenya kutoka Kismayo kupitia Garissa imewaumiza wakulima wa miwa wa magharibi, watu ambao miwa yao hukauka shambani wakisubiri kiwanda. Dawa zinazopita njia za panya hazina wa kuzikagua, na mgonjwa hajui anameza nini. Mbegu na mbolea bandia humwibia mkulima msimu mzima. Bunduki zinazovuka mpaka huishia kwenye wizi wa mifugo. Hapo panahitajika askari na mahakama, na panahitajika upesi.

Lakini neno hilohilo moja limetupiwa vitu visivyofanana. Juni 2017 Tanzania ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi, kama ilivyofanya mwaka 2011, na mkulima wa Rombo aliyekuwa akiuza gunia lake Kenya kwa miaka akalala mkulima na kuamka mfanya magendo. Mahindi hayakubadilika, wala mteja. Bei ya ndani ilishuka kwa aliyelima, na mazao yakaendelea kuvuka usiku, safari hii kwa hasara ya rushwa ya njiani. Adhabu ya magendo kwa maskini mara nyingi haifiki mahakamani. Hulipwa palepale, mkononi mwa aliyemsimamisha.

Kwa mfanyabiashara mdogo wa Namanga, Holili, Sirari, Malaba, Mutukula au Rusumo, lipo jambo ambalo wengi bado hawajaambiwa, na wasiolijua wanaendelea kupita vichakani bila sababu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara kwa ajili yao. Kama mzigo wako umezalishwa ndani ya Jumuiya, umo katika orodha ya bidhaa zilizokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000, ofisa wa forodha anapaswa kukupa hapo hapo mpakani cheti chepesi cha uasili wa bidhaa, na ushuru wa forodha hautozwi. Mazao yanaweza kuhitaji cheti cha afya, na kodi nyingine za ndani ziulizie. Orodha hiyo inapaswa kubandikwa kwa Kiswahili kwenye ukuta wa kila kituo cha mpakani, mahali ambapo mama mwenye kapu la nyanya anaweza kuisoma kabla hajakutana na mtu wa kumwambia kwamba mzigo wake ni magendo. Ukifika usiione, iulizie ofisini, na udai cheti chako.